Matanga Yasiyoanuliwa: Kwa Nini Watu Wamechoshwa na Kumbukumbu za Kifo cha Diana

Kila mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, picha ni zile zile. Gari lililopondeka ndani ya njia ya chini kwa chini mjini Paris. Maua yaliyorundikwa mbele ya malango ya Kensington Palace. Watoto wawili wanaotembea nyuma ya jeneza la mama yao huku ulimwengu mzima ukiwatazama. Runinga za Uingereza huzitoa, mashirika ya habari huzisambaza, na mwisho wake hutufikia hata sisi huku Mombasa kwenye simu zetu, kana kwamba msiba umetokea jana.

Na kila mwaka, huko huko Uingereza, wapo wanaosema: basi, imetosha. Wengine husema kwa upole, wengine kwa hasira, wengine huzima runinga tu wakaenda zao kulala. Ni rahisi kuwaita watu hawa wakavu wa moyo. Mimi sioni hivyo. Naona wamechoka na kitu ambacho sisi watu wa pwani tunakijua vizuri, kwa sababu mila zetu zimekiwekea mpaka.

Kwetu mtu akifiwa, jamvi hutandikwa na watu hukaa matanga. Siku ya tatu husomwa hitima, dua huombwa, kisha matanga huanuliwa. Mikeka hukunjwa, sufuria za kuazima hurudishwa kwa wenyewe, na jirani aliyefunga duka lake hufungua. Mwenye kulia ataendelea kulia chumbani kwake, na hakuna atakayemlaumu. Lakini matanga yameanuliwa. Kifo cha Diana ni matanga ambayo vyombo vya habari vilikataa kuyaanua.

Usiku wa Agosti 31, 1997

Tukumbushane kwa ufupi, maana wasomaji wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Diana Spencer alizaliwa Julai 1, 1961. Aliolewa na Charles, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, Julai 29, 1981, katika harusi iliyokadiriwa kutazamwa na watu milioni 750 duniani. Walijaliwa watoto wawili, William mwaka 1982 na Harry mwaka 1984. Ndoa ikaharibika hadharani, mbele ya magazeti, na talaka ikakamilika Agosti 28, 1996.

Mwaka mmoja na siku tatu baadaye, Diana alitoka katika hoteli ya Ritz mjini Paris usiku wa manane pamoja na Dodi Fayed, mtoto wa tajiri wa Kimisri Mohamed Al-Fayed aliyemiliki duka la Harrods jijini London. Wapiga picha waliwafuata kwa pikipiki na magari. Dereva wao, Henri Paul, alikuwa amekunywa pombe kupita kiwango kinachoruhusiwa. Gari liliingia katika njia ya chini ya Pont de l'Alma kwa mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa, mahali panaporuhusiwa 50, likagonga nguzo. Dodi na dereva walifariki pale pale. Diana alipelekwa hospitali ya Pitié-Salpêtrière na kutangazwa kuwa amefariki saa kumi alfajiri. Mlinzi, Trevor Rees-Jones, ndiye pekee aliyenusurika. Uchunguzi ulionyesha kuwa hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa amefunga mkanda.

Maziko mawili

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo halisimuliwi sana, na linatuhusu sisi Waislamu. Watu waliofariki pamoja walizikwa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Mwili wa Dodi ulisafirishwa hadi London siku ile ile. Aliswaliwa katika msikiti wa Regent's Park na kuzikwa usiku huo huo katika makaburi ya Brookwood, huko Surrey. Chini ya saa 24 baada ya ajali alikuwa ameshafunikwa na mchanga. Baadaye familia ilimhamishia kwenye shamba lao la Oxted, lakini swala na maziko yalikwisha siku moja, bila ya kamera nyingi.

Diana alizikwa Septemba 6. Katika wiki ile moja London iligeuka jiji jingine. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi kutia saini vitabu vya rambirambi. Magazeti yale yale yaliyokuwa yakinunua picha za kumvizia yaligeuka na kumuuliza Malkia Elizabeth kwa nini amebaki Balmoral na kwa nini bendera haijashushwa nusu mlingoti. Malkia alirudi London na kuhutubia taifa Septemba 5. Siku ya pili yake, watu wapatao milioni 32 nchini Uingereza walitazama ibada ya Westminster Abbey kwenye runinga. Wimbo ambao Elton John aliuimba pale uliuzwa nakala zaidi ya milioni 30.

William alikuwa na miaka 15, Harry 12. Walitembea nyuma ya jeneza katikati ya umati. Mwaka 2017 Harry, sasa mtu mzima, alisema kuwa hakuna mtoto anayestahili kutakiwa kufanya jambo kama lile. Neno hilo lingetosha kumfanya mhariri afikiri mara mbili kabla ya kuirusha tena picha ile. Lakini ndiyo picha inayorushwa kila mwaka.

Si wote waliolia

Ukitazama kumbukumbu hizi utadhani Waingereza wote walilia wiki ile. Haikuwa hivyo. Mwanahistoria James Thomas alichapisha kitabu mwaka 2002 akitumia maandishi ya raia wa kawaida waliokuwa wakiuandikia mradi wa Mass-Observation. Aliwakuta watu wengi ambao hawakuguswa kiasi kile, au waliosikitika kama mtu anavyosikitikia ajali ya mtu asiyemjua, lakini wakaona haya kusema. Runinga iliwaonyesha waliokuwa wakilia, na asiyelia akajiona yuko peke yake.

Jarida la kejeli la Private Eye lilithubutu. Toleo lake la wiki ile liliwafanyia mzaha watu waliokuwa wakiyalaani magazeti huku wakiyagombania, na maduka makubwa kama WHSmith yakaliondoa kwenye meza zao. Mzaha ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa kweli: wapiga picha hawakuwa wakimfukuza Diana kwa kumpenda. Walikuwa wakimfukuza kwa sababu picha ilikuwa na mnunuzi, na gazeti lilikuwa na msomaji.

Hapo ndipo ulipoanzia uchovu. Mtu aliyetakiwa kuomboleza kwa lazima mwaka 1997 hawezi kufurahi akitakiwa kuomboleza tena 2007, tena 2017, na kila Agosti baina ya miaka hiyo.

Askofu alisema basi

Miaka kumi ilipotimia, kulikuwa na tamasha la muziki uwanjani Wembley Julai 1, 2007, siku ambayo Diana angetimiza miaka 46. Agosti 31 ikafanyika ibada katika kanisa la Guards' Chapel. Wiki nzima kabla ya hapo magazeti yalijadili kama Camilla, mke wa pili wa Charles, ahudhurie au asihudhurie. Mwisho wake alibaki nyumbani.

Katika ibada ile Askofu wa London, Richard Chartres, alitoa ombi lililo wazi. Alisema mambo yaishie hapo, na siku hiyo iwe ndiyo mwanzo wa kumwacha marehemu apumzike kwa amani. Kwa lugha yetu, askofu aliomba matanga yaanuliwe.

Hayakuanuliwa. Oktoba 2, 2007 mahakama ilianza kusikiliza ushahidi juu ya chanzo cha kifo, na ukurasa wa mbele ukawa wake tena kwa miezi sita. Kwa haki, jambo hilo halikuwa kosa la magazeti, maana sheria ya Uingereza inataka kifo cha namna ile kichunguzwe. Lakini kulikuwa na gazeti kama Daily Express, lililokuwa likimweka Diana ukurasa wa mbele mara kwa mara, hasa siku za Jumatatu, kwa miaka mingi baada ya kifo chake, kila mara likidai kuna jipya, hadi Waingereza wenyewe wakalifanya kichekesho.

Na ile habari ya njama?

Najua barazani patakuwa na mtu atakayeniuliza hapa: mbona hukusema kuwa waliuliwa kwa sababu Diana alitaka kuolewa na Mwislamu? Hii ni hadithi iliyosambaa sana kwetu, na Mohamed Al-Fayed mwenyewe aliishikilia kwa miaka kumi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sitamcheka baba aliyemzika mtoto wake.

Lakini madai yake yalichunguzwa, na tuseme yaliyopatikana. Polisi wa London chini ya Lord Stevens walitoa ripoti Desemba 14, 2006, yenye kurasa 832. Ilisema hapakuwa na njama, Diana hakuwa mjamzito, na hapakuwa na uchumba. Kisha lile baraza la mahakama, baada ya kusikiliza mashahidi zaidi ya 250, likatoa uamuzi Aprili 7, 2008: vifo vilitokana na uzembe mkubwa wa dereva Henri Paul pamoja na uendeshaji wa magari yaliyokuwa yakiwafuata. Siku iliyofuata Al-Fayed alisema anaiacha kesi yake, kwa ajili ya watoto wawili wa Diana.

Tafakari jambo hilo. Baba aliyekuwa na haki zaidi ya mhariri yeyote ya kuendelea kupiga kelele, alinyamaza mwaka 2008. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 30, 2023, siku moja kabla ya kutimia miaka 26 tangu kifo cha mwanawe, na akaswaliwa baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti ule ule wa Regent's Park.

Mfuko wa hisani ulioanzishwa kwa jina la Diana mwaka 1997 nao ulitoa misaada ya zaidi ya pauni milioni 100, ukamaliza kazi yake na kufungwa mwisho wa mwaka 2012. Baba alikoma, na mfuko ukafungwa. Vyombo vya habari vikaendelea.

Nani anafaidika?

Miaka 20 ilipotimia, Agosti 31, 2017, mahujaji wetu walikuwa wamesimama Arafa. Nchini Uingereza majira yale ya joto yalikuwa ya filamu za Diana, moja baada ya nyingine: ITV mwezi Julai, Channel 4 mapema Agosti, BBC mwisho wa Agosti. Ile ya ITV na ile ya BBC watoto wake walishiriki, na huwezi kuwanyima haki ya kumsema mama yao. Ile ya Channel 4 ilitumia kanda alizorekodiwa na mwalimu wake wa kuzungumza mwaka 1992 na 1993, ambamo alieleza mambo ya ndani kabisa ya ndoa yake. Watu wake wa karibu waliomba kanda zile zisionyeshwe. Zilionyeshwa.

Anayetaka kujua kwa nini, aangalie hesabu. Kumbukumbu ya mwaka ni habari isiyo na gharama ya kutafutwa. Tarehe inajulikana miezi kumi na miwili kabla. Picha zimo kabatini. Wazungumzaji ni wale wale: mpishi wa zamani, mlinzi wa zamani, mwandishi wa kitabu. Nafasi za matangazo ya biashara zinaweza kuuzwa mapema. Na muhimu kuliko yote, marehemu hawezi kwenda mahakamani.

Hata mahojiano yake mashuhuri na Martin Bashir wa BBC ya Novemba 20, 1995, yaliyotazamwa na watu karibu milioni 23 nchini Uingereza, yaligunduliwa kuwa yalipatikana kwa hila. Ripoti ya Lord Dyson ya Mei 20, 2021 ilisema Bashir alimwonyesha kaka yake Diana hati bandia za benki ili afunguliwe mlango. William akataka mahojiano yale yasionyeshwe tena, na mwaka 2022 mkuu wa BBC, Tim Davie, akaahidi hivyo. Ilichukua zaidi ya robo karne shirika moja kufunga kanda moja.

Malalamiko 109,741

Kama mtu anadhani uchovu huu ni wa watu wachache wenye choyo, aangalie yaliyotokea Aprili 9, 2021, alipofariki Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akiwa na miaka 99. BBC ilifuta vipindi vyake vya jioni. BBC One na BBC Two zikaonyesha kitu kimoja. Katika siku chache BBC ilipokea malalamiko 109,741, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na kipindi chake chochote. Usiku ule kipindi kilichotazamwa zaidi kilikuwa Gogglebox cha Channel 4, ambacho ni watu wamekaa makochini wakitazama runinga.

Sidhani kama watu 109,741 walimchukia mzee wa miaka 99. Walichukia kunyimwa hiari. Huzuni ni kama chakula cha matangani: unakaribishwa, unakula ulichoweza, unaondoka. Hakuna mwenye matanga anayefunga mlango na kukulazimisha sahani ya nne.

Kumkumbuka mtu kwa alichofanya

Zipo njia nyingine, na mfano mzuri unatoka katika familia ile ile. Januari 1997 Diana alikwenda Huambo, Angola, akavaa vazi la kinga na kupita katika uwanja uliokuwa ukisafishwa mabomu ya kutegwa ardhini. Mwezi wake wa mwisho duniani alikwenda Bosnia kwa shughuli hiyo hiyo. Septemba ile ile aliyozikwa, mataifa yalikubaliana mjini Oslo juu ya mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo, na ukatiwa saini Ottawa mwezi Desemba.

Septemba 2019 Harry alirudi Huambo. Pale palipokuwa na mabomu sasa ni mtaa wenye watu na shughuli zao. Haikuwa tarehe ya kifo, na haikuwa na gari lililopondeka. Ilikuwa habari ya watu walio hai, wanaotembea mahali ambapo zamani wangekatwa miguu. Mafundisho yetu yanasema amali ya mtu hukatika akifa ila mambo matatu, na mojawapo ni sadaka inayoendelea. Ukitaka kumkumbuka mtu, tazama kile kinachoendelea.

Na sisi je?

Nimeandika haya kuhusu Waingereza, lakini mwaka ule wa 1997 unatugusa na sisi. Siku 18 kabla ya ajali ya Paris, usiku wa Agosti 13, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa na bunduki zikaporwa. Fujo zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100, na watu wapatao laki moja wakahama makwao. Wakati maua yakirundikwa London, huku kwetu kulikuwa na familia zimelala kanisani zikiogopa kurudi nyumbani. Tume ya Jaji Akiwumi iliwasikiliza baadaye. Leo ukimuuliza kijana wa miaka 20 hapa Mombasa, huenda akakutajia njia ile ya Paris kabla ya kukutajia Agosti 13.

Na kabla ya hapo kuna Mtongwe. Asubuhi ya Ijumaa, Aprili 29, 1994, feri ilipinduka na watu 272 wakafa maji, wengi wao wakienda kazini. Hao nao wana watoto waliobaki, na watoto hao sasa ni watu wazima.

Sisemi tufanye kama wafanyavyo wao, kila mwaka kuwafukua maiti kwa ajili ya picha. Kumbukumbu ya Mtongwe yenye faida ni ile itakayouliza: leo maboya ya kuokolea maisha yako mangapi katika feri, na nani anahesabu abiria? Ya Likoni ni ile itakayouliza: waliofukuzwa walirudi, na nani aliwahi kuwajibika? Hizo ni habari za gharama. Zinataka mwandishi avuke, atafute watu, akae nao, asikilize. Hakuna kanda iliyo tayari kabatini.

Nadhani hiki ndicho kipimo kinachoweza kututenganishia kumbukumbu na biashara. Je, kuna jambo jipya la kuambiwa? Je, aliye hai atafaidika? Je, waliofiwa wameridhia? Yakikosekana yote matatu, mhariri hana maombolezo mkononi. Ana bidhaa.

Mwaka 2027 itatimia miaka 30 tangu kifo cha Diana. Filamu zitatengenezwa, kanda zitatolewa kabatini, na picha ya wale watoto wawili itapita tena mbele ya macho yetu. Agosti hiyo hiyo itatimia miaka 30 tangu Likoni. Wahariri wetu wana muda wa kutosha kuamua ni ipi wataitafuta wenyewe na ipi wataletewa.